Saa Moja Mpaka Saa Moja

Baba yangu alipiga kengele ya shule kwa miaka thelathini na moja. Hakuwa mwalimu wala karani. Kazi yake ilikuwa kengele, na kati ya kengele na kengele alifagia ofisi na kupeleka mafaili. Shule nzima iliamka, ikala na kulala kwa mkono wake. Hakuna siku aliyochelewa, labda ile niliyozaliwa mimi, ambayo yeye anasema alichelewa dakika mbili na marehemu mama alisema tano. Watu walimwita Mzee Kengele. Mpaka leo akikutana barabarani na mtu mzima mwenye kitambi chake, yule mtu huchomekea shati kwanza ndipo amwamkie. Baba hujifanya hajaona, lakini anaona.

Alipostaafu alirudisha nyumba ya shule iliyokuwa na ua, akahamia vyumba viwili ghorofa ya tatu, katika jengo lililobanwa na jengo jingine kiasi kwamba jirani wa upande wa pili akikuomba chumvi unampa kupitia dirishani. Jua halifiki humo. Alihamia na kitanda, redio, kabati la mama na kobe wawili. Kobe hao walikuwa wa chumba cha sayansi. Mwalimu wa sayansi alipohama hakuna aliyewauliza wanakula nini, basi baba akawachukua, na mwaka huu wanatimiza miaka kumi na tisa mikononi mwake. Mkubwa anaitwa Mwalimu wa Zamu, kwa sababu hazunguki bila kukagua kila kona. Mdogo anaitwa Mtoro. Huyo ukimtafuta, yuko chini ya kitu.

Mimi ni mpiga pasi. Niko chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye mashine ya kunyoosha mashuka, na kutwa nzima nasimama mbele ya roli za moto nikipokea shuka upande huu na kukunja upande ule. Natoka saa kumi na mbili jioni na miguu si yangu. Hapo nampitia baba, nipande ngazi hamsini na nne, nimpikie, nimwoshee vyombo, ndipo niende kwangu ambako nako kuna watu wanaongoja kula. Kaka yangu anaishi mji mwingine. Yeye husaidia kwa simu.

Nasema haya mapema ili mtu asije akanihurumia mahali pasipostahili huko mbele.

Mwezi wa tatu baada ya baba kuhama, Mtoro aliacha kula. Macho yake yalivimba yakafumba, na baba alipobonyeza gamba lake kwa kidole, gamba lilibonyea. Baba huniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na jioni ile aliniambia taratibu, "Mama, huyu hakosi chakula. Huyu anakosa jua. Nimewatoa kwenye ua nikawaleta kwenye kisanduku." Nikajua nimetwishwa kazi mpya.

Siku ya mapumziko yangu nilikwenda duka linalouza samaki wa mapambo na vizimba vya ndege. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hana haraka na mtu.

"Wanakaa wapi hao kobe?" akaniuliza.

"Ndani."

"Dirishani?"

"Dirisha lipo, jua ndilo halipo."

"Hata lingekuwepo. Kioo kinapitisha mwanga, lakini ile mionzi inayojenga gamba inabaki nje."

Mimi nilidhani nitanunua taa niondoke. Kumbe taa zina kazi mbili na nilikuwa nazichanganya. Kuna taa ya joto, ambayo kobe huiota kama anavyoota jua, damu imchemke apate hamu ya kula. Na kuna taa ndefu ya mrija inayotoa mionzi, na bila hiyo hata akila, chakula hakimjengi mifupa wala gamba. Nikaona balbu nyekundu nzuri, nikaiulizia. Mama yule akasema hiyo inamfurahisha mwenye kobe, kobe mwenyewe hana habari nayo. Nikaulizia mkeka wa umeme wa kuweka chini, nikifikiri kama mtu anavyolalia kitu cha moto akiumwa mgongo. Akanitazama juu ya miwani.

"Jua umewahi kuliona likitokea sakafuni?"

"Hapana."

"Basi. Kobe anapokea joto kwa mgongo. Ukimchoma tumboni hajui hata pa kukimbilia."

Akanifundisha yote, na mimi niliyekuwa na usingizi nikaandika nyuma ya risiti ya basi. Taa zikae juu, umbali wa rula moja ya shule kutoka kwenye gamba. Chini ya taa kipimajoto kisome nyuzi thelathini na mbili au tatu, lakini upande wa pili wa sanduku ubaki baridi, ili mnyama achague mwenyewe. Mrija ubadilishwe baada ya mwaka hata kama bado unawaka, maana mionzi hufa kabla ya mwanga. Na usiku zizimwe zote. Saa kumi na mbili za mwanga, saa kumi na mbili za giza.

"Baba yako ataweza kuwasha na kuzima kwa wakati?"

"Alipiga kengele miaka thelathini na moja."

"Kwa hiyo ataweza."

Wiki mbili nyuma baba alikuwa ameinjika sufuria ya maji akaisahau, maji yakaisha, mshikio ukayeyuka, na moshi ukawatoa majirani nje. Kaka alipopata habari alisema tukimwacha peke yake iko siku atajichoma na jengo zima. Alitaka kumhamishia kwake, vyumba virudishwe, kobe wapewe mtu. Mimi ndiye niliyemwombea baba muda. Mama wa dukani aliona uso wangu, akageuka, akatoa rafuni kidude cheupe cha duara.

"Chukua taima. Unaichomeka ukutani, taa unazichomeka juu yake. Ukishaipanga, mwanadamu haingilii tena."

Jioni ile ile tulifunga. Baba alishika rula, mimi nikafunga taa kwenye mbao juu ya sanduku. Soketi iko chini nyuma ya kabati la mama, na baba goti lake halikunji, kwa hiyo niliingia mimi, nikalala ubavu kwenye vumbi na simu ikinimulika. Kidude kile kina sahani yenye namba moja mpaka ishirini na nne, na vijino vingi pembeni. Nikaizungusha sahani mpaka mshale ukasoma sawa na simu yangu. Kisha nikapaza sauti.

"Saa ngapi mpaka saa ngapi, baba?"

"Saa moja mpaka saa moja," akajibu. "Kama kengele ya kuingia darasani mpaka kengele ya chakula cha usiku."

Nikashika jino la namba moja, nikahesabu saa kumi na mbili kwenda mbele, nikabonyeza vijino vyote hivyo chini, taa ziwake kwa muda huo. Nikatoka nikijipangusa. "Usiguse chochote," nikamwambia. "Hiki kinajiendesha."

Baada ya wiki moja Mtoro alifungua macho. Baada ya mbili aliuma jani. Baba alinisimulia kana kwamba mjukuu amepata nafasi ya kwanza, na mimi kwa mara ya kwanza mwezi ule nilishuka zile ngazi nikiwa na furaha.

Halafu simu zikaanza. Ya kwanza ilikuja mchana, niko kwenye mashine, nimeibana simu kwa bega.

"Mama, taa zimezimika."

"Saa hizi ni saa tisa, baba. Haziwezi kuzimika. Umegusa?"

"Sikumbuki kugusa."

"Basi umegusa. Ziache, kesho zitawaka zenyewe."

Na kesho yake kweli ziliwaka. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Kidude kizima, balbu nzima, kilichobaki ni mzee. Na kila nilipofika kwake jioni ilikuwa saa moja imepita, saa ambayo taa zinatakiwa ziwe zimezimika, kwa hiyo sikuona cha kunishangaza.

Siku nyingine akaniuliza, sauti ameishusha, kama nilipita kwake usiku. Alikuwa ameamka alfajiri kabla ya ndege, akakuta taa zinawaka.

"Nipite usiku nifuate nini?"

"Basi ni mimi niliyewasha."

"Ni wewe, baba. Kile kidude hakikosei."

Hayo ndiyo maneno yangu. Niliyasema mara tatu au nne kwa siku tofauti, kwa sauti ya mtu anayetaka kukata simu. Naye hakunibishia hata mara moja. Jioni moja, namwoshea vyombo, aliniambia kwa upole, "Kidude hakina sababu ya kudanganya. Mimi ninayo, uzee."

Wiki iliyofuata nilikuta uzi mweupe umefungwa mlangoni pa chumba cha kobe, kutoka komeo hadi msumari, kama mtego wa mtoto. Nikamuuliza. Akaona haya, lakini akanieleza. Alikuwa anaufunga kila usiku anapokwenda kulala, ili akiamka akitembea bila kujijua, uzi ukatike, asubuhi apate uhakika.

"Na unakatika?"

"Haukatiki. Nakuta mzima na taa zinawaka. Maana yake naufungua, naingia, nawasha, natoka, naufunga tena, yote bila kujua." Akatazama mikono yake. "Nawasikia hata hao wanatembea usiku, wanagonga mbao. Nimewavuruga na wao."

Mimi nilikwenda kwangu nikampigia kaka nikamwambia habari ya uzi. Sikutia chumvi, haikuhitaji. Kaka akasema Jumamosi ijayo anakuja na pikapu. Na nikisema ukweli wangu wote, nilipokata simu mwili ulilegea. Nilijiona nikitoka kazini jioni nikaenda moja kwa moja nyumbani kwangu, nikavua viatu. Nililala vizuri sana siku ile.

Baba aliposikia habari ya pikapu hakubisha. "Kaka yako ana haki," alisema. "Mtu asiyejua miguu yake inakwenda wapi hawezi kukaa peke yake." Akaanza kukunja nguo zake mwenyewe.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikaenda asubuhi kumsaidia kufunga vitu. Ilipofika saa saba kasorobo, baba alikuwa amesinzia kwenye kiti chumba cha pili, mdomo wazi, mikono mapajani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya sanduku la kobe nikifunga sahani kwenye magazeti. Mwalimu wa Zamu amelala chini ya taa. Nikasikia tak, kitu kidogo tu, nyuma ya kabati. Taa zote mbili zikazimika.

Niligeuka kutazama kiti. Baba alikuwa anakoroma.

Nikasogeza kabati, nikalala tena ubavu kwenye vumbi lile lile. Mshale ulikuwa kwenye kumi na tatu. Vijino vilivyobonyezwa vilianzia kwenye namba moja. Nikavitazama muda mrefu kabla kichwa hakijakubali. Namba moja ya kidude kile si saa moja asubuhi. Kidude kile kinahesabu kama simu, siku yake inaanzia usiku wa manane, na moja yake ni saa saba usiku. Saa moja asubuhi yetu iko kwenye namba saba. Mshale niliuweka sawa kwa sababu nilinakili tu kutoka kwenye simu, lakini vijino nilivibonyeza kwa kusikiliza mdomo wa baba. Akasema moja, nami nikabonyeza moja. Wiki zote zile taa ziliwaka saa saba usiku na kuzimika saa saba mchana, barabara kabisa, bila kukosea hata dakika. Na baba alikuwa kitandani amelala.

Ningeweza kumwamsha pale pale. Sikumwamsha. Nilipandisha vijino vyote, nikabonyeza upya, saba mpaka kumi na tisa, nikaona taa zinawaka tena, nikarudisha kabati mahali pake. Baba alipoamka nilikuwa nafunga vikombe.

Nilijitia hamnazo siku tatu. Sikupanga, na sisemi kwamba nilisahau. Jumanne nilijiambia nitamwambia kesho. Jumatano nilisimama mbele ya mashuka nikajiambia kwamba sufuria ile aliiunguza kweli, hakuna taima iliyoiunguza. Alhamisi nilijiambia kwa kaka kuna ua mzuri na mke wa kaka ni mtu mwema, na mambo yamekwisha kupangwa. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimechoka, na pikapu ile ilikuwa inakuja kunipumzisha mimi.

Ijumaa jioni nilifika nikakuta maboksi yamepangwa ukutani na baba amekaa kando ya kobe, karatasi ya daftari gotini. Alikuwa amepiga mistari kwa rula na kuandika kwa ule mwandiko wake wa ofisini.

"Kaa, mama," akasema. "Nina ombi, na ukiona ni la kijinga uniambie."

Nikakaa juu ya boksi.

"Tangu Jumatano naandika. Jumatano nimeamka alfajiri, taa zimezima. Zikawaka saa moja. Mchana sikuzizima. Jana hivyo hivyo. Leo hivyo hivyo." Akanipa karatasi niione. "Siku tatu sijatembea. Sijui ni dawa gani, labda ni hofu ya kuhama. Lakini nimefikiri, labda kaka yako angesubiri wiki moja. Moja tu. Kama nitakuwa nimeanza kupona."

Ile karatasi ilikuwa imechorwa visanduku hata vya siku ambazo hazijafika.

"Hujapona, baba," nikasema. "Hukuwa mgonjwa."

Nikamweleza. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianzia chini ya kabati. Hakunielewa. Nikasogeza kabati, nikachomoa kidude nikamwekea kiganjani, nikamwonyesha namba moja kwa kucha. Akavaa miwani. Akaizungusha sahani yake taratibu, akiisikiliza.

"Hii moja ni saa saba ya usiku," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe ulibonyeza hapa."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umelala. Siku zote."

Akavua miwani akaweka mkono machoni. Mama yangu tulipomzika sikumwona baba akilia, na nilidhani hajui. Alilia sasa bila sauti, mabega tu, na mimi nikakaa juu ya boksi langu na sikuthubutu kumgusa. Mtoro alikuwa anatafuna jani, na katika chumba kile ni yeye tu aliyesikika.

Baba alipomaliza alijipangusa kwa kiganja, akakitazama tena kidude, kisha akanitazama mimi. Mtu aliyeishi kwa dakika huwezi kumpotezea siku tatu asizione.

"Taa zimekaa sawa tangu Jumatano," akasema. "Nani alizirekebisha?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumanne. Ulikuwa umesinzia."

Akahesabu kwa vidole kwenye paja, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, akafika kwenye leo. Nikangoja anitukane. Hajawahi kunitukana, lakini nilijua hii ndiyo siku yake, na nilikuwa tayari. Nilikuwa nahitaji hata.

"Siku tatu," akasema. "Na kila jioni ukapanda ngazi ukaja kunipikia, jambo hili limo moyoni."

"Limo, baba."

"Wewe umechoka kweli, mama."

Hakusema kwa hasira wala kwa kunisuta. Alisema kama mtu aliyekuwa akitafuta kosa kwenye hesabu yake mwenyewe, akalikuta kwenye hesabu ya mwingine. Ni mimi sasa niliyelia, na kwa sauti, kitu ambacho sikukifanya hata nilipojifungua. Akaniacha nilie. Kisha akanyoosha mkono akaomba simu, nikampigia kaka, nikampa.

"Kesho usije na pikapu," baba akamwambia. "Acha. Panda basi, uje wewe mwenyewe na nguo za siku chache."

Kaka aliuliza kitu, nadhani habari ya afya, kwa sababu baba aliketi vizuri na sauti yake ikapanda kidogo, ile ya zamani ya kusikika mpaka mabwenini.

"Mimi ni mzima. Aliyechoka ni dada yako. Njoo umpokee."